Risasi za Kijivu, Risasi za Shaba

Alhamisi, 3 Novemba 1983

Mbwa mwitu amekula mbuzi mwingine, na safari hii ni wetu. Yule mweupe mwenye sikio moja, aliyekuwa na tabia mbaya ya kunifuata mpaka jikoni na kutafuna majani ya chai. Amebaki kichwa na kwato chini ya migunga ya wadini, kwenye korongo la mto mkavu. Nimelia, halafu nikaona haya kumlilia mbuzi, halafu nikalia tena.

Baba hakulia. Alichutama kwenye mchanga, akapapasa unyayo kwa kidole, polepole, kama anayepapasa uso wa mtu. Macho yake yameingia ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho, lakini vidole vyake bado vinaona. "Dume," akasema. "Mzee kama mimi. Mguu wa nyuma una kasoro." Uso ulimchangamka nikaogopa. Tangu tuhame Tabora mwaka wa sabini na tano sijauona uso ule.

Kule alikuwa Sleyum wa Ugalla, mwindaji wa mapori yale. Chui akianza kula watoto wa watu, serikali ilimpelekea gari mlangoni. Hapa Omani, kijijini, nusu saa kutoka Ibra, anaitwa Mzinjibari, na Zanzibar yenyewe aliipitia mara mbili tu akiwa safarini. Anawaamkia watu kwa Kiarabu cha mtoto mdogo, nao wanamjibu kwa sauti ile ile ya kumsemesha mtoto mdogo. Mimi nafundisha Kiingereza shule ya wasichana Ibra, nimeachwa na mume wangu wa Maskati, sina watoto, kwa hiyo ndiye mimi ninayekaa naye na kumfasiria.

Jioni kaniambia, "Hamda, namtaka huyu mnyama. Mmoja tu. Ngozi yake niitundike hapo mlangoni waione wapitao, nife wakijua nilikuwa nani."

Sikulipenda hilo neno nife.

Jumapili, 6 Novemba

Ammi Mahrous amekuja kunywa kahawa. Ni mtoto wa ammi yake Baba, hakuwahi kutoka Omani maisha yake yote, na ndiye mwenye kauli kijijini. Ndevu kama za picha, ubani umemjaa nguoni, na anachekea puani. Simpendi, na wala sijisumbui kumpenda.

Akasema kwa Kiarabu, "Mwambie baba yako asihangaike na huyo dhibu, huyo mbwa mwitu. Vijana wana bunduki na magari. Yeye mzee, akae apumzike."

Baba akaniuliza kasema nini. Nikamwambia. Baba akasema, "Mwambie mimi nimeua chui kwa mkono huu, yeye wakati huo anachunga kuku wa mama yake."

Nikamgeukia Ammi Mahrous: "Baba anasema Mungu akujaalie kheri kwa kumfikiria."

Mahrous akaitikia, akala tende, akaondoka ameridhika. Kazi yangu ndiyo hiyo kila wiki, kuwasugulia maneno wasikwaruzane. Ningelipwa mshahara ningekuwa tajiri.

Jumatatu, 7 Novemba

Shule. Vumbi. Hakuna dalili ya mvua.

Alhamisi, 10 Novemba

Tumekwenda soko la Sinaw kutafuta risasi. Marehemu Ammi Amur, kaka yake Baba, alikuwa askari zamani, akamwachia bastola ya Kiingereza ya risasi sita, kipimo cha thelathini na nane. Kibali chake kipo. Risasi ndizo hakuna, zilizokuja nayo zilikuwa zimeota ukoko wa kijani na Baba alizitupa.

Sokoni wanawake wa Kibedui wamevaa barakoa, wanauza mbuzi kwa makelele, wananipita mimi kana kwamba ni nguzo. Pembeni kuna mtu anaitwa Soud, ametandaza blanketi la jeshi, juu yake risasi za kila namna zimepangwa kama pipi. Baba akasema anataka za thelathini na nane. Soud akampa kisanduku kipya kinang'aa, cha Kiamerika. Baba akatoa moja, akaipapasa, akairudisha.

"Mwambie ndefu hii. Jina moja, lakini haikai kwangu."

Nikamwambia. Soud akacheka, akachukua bastola mwenyewe, akasukuma risasi kwenye gurudumu lake la matundu sita. Haikuingia mpaka mwisho. Akasukuma tena kwa dole gumba. Wapi. Baba alikuwa ametazama pembeni kwa adabu, asimwaibishe mtu mbele ya wateja, lakini mimi nilimwona anavyojizuia kutabasamu. Nilimpenda sana Baba dakika ile.

Basi Soud akafukua chini ya blanketi. Zilizoingia zilikuwa za aina mbili. Kuna za zamani, kichwa cha kijivu, butu, kizito, hakikuvishwa kitu. Na kuna za jeshi, za karibuni, kichwa kimevishwa shaba. Nikamsomea Baba maandishi ya kisanduku, lakini yeye alikuwa tayari anazijua kwa kuzipima kiganjani.

Njiani ndani ya gari tukabishana. Mimi nimekua nikimsafishia bunduki zake, nazungumza ninachokijua. Nikasema tuchukue za shaba peke yake, mpya, hazina wasiwasi. Akasema za shaba zinampita mnyama kama sindano inavyopita kwenye kanzu, anakimbia na tundu lake, anakwenda kufa siku ya tatu peke yake pangoni. "Hiyo si kuwinda, ni kutesa. Ya kijivu inakwenda taratibu, lakini ikifika inavimba, inamkalisha palepale."

"Na isipolia?"

"Italia."

Tumerudi na za aina zote mbili. Tangu njiapanda hatukusemeshana tena mpaka nyumbani.

Ijumaa, 18 Novemba

Baada ya kuswali tulishuka wadini kuzijaribu. Tulijaza gunia mchanga uliotiwa maji, tukaliegemeza kwenye mwamba. Ya shaba ililia, ikapita gunia zima, ikagonga jiwe nyuma ikapiga mluzi. Ya kijivu ililia, gunia likaruka, na tulipochambua mchanga tukaikuta ndani, imetanuka kama uyoga. Baba akaniwekea kiganjani, ya moto bado. "Unaona?"

Akapiga ya kijivu ya pili. Tak. Kimya. Tukangoja, mtutu umeelekea gunia, mpaka akaridhika kuwa haitalia, akaitoa. Akapiga ya tatu, ikalia.

"Ile ya chini ya kisanduku," akasema. "Ilipata unyevu."

"Baba, na nyingine ulizonazo za chini ya kisanduku ni zipi?"

Akaanza kuokota maganda. Nilikasirika, nikatangulia nyumbani, nikamwacha apande mwenyewe na macho yake yale. Alipofika alikuwa amekwaruzika goti. Nimelisafisha kwa maji ya chumvi, wote wawili tumenuna.

Jumatano, 23 Novemba

Bimdogo, jirani, ameleta mkate wa kumimina. Yeye ni wa Unguja mjini hasa, na kila akija lazima anikosoe. "Khe! Nyie wa bara, 'kiatu yangu' mnasema bila ya haya." Mimi sijapata kusema kiatu yangu. Lakini mkate ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 3 Desemba

Mbuzi wawili wa Mahrous wameliwa. Usiku vijana wametoka na magari na taa kubwa, Khalaf mwana wa Mahrous mbele yao. Wamerudi asubuhi vichwa chini. Wamempiga risasi punda wa watu wa kijiji cha pili.

Nilipomwambia Baba hakucheka. Aliuliza kama punda alikufa haraka.

Jumanne, 6 Desemba

Shule. Mtihani. Baridi imeanza, Baba anavaa koti lake la Tabora juu ya kanzu, na watoto wanamkodolea macho.

Ijumaa, 9 Desemba

Leo Baba amerudi mapema kutoka barazani, amekaa uani na bakora yake. Nimemuuliza, akasema hana kitu. Nikaenda kwa Bimdogo, ambaye hakuna neno la barazani lisilomfikia. Akasema, "Wamemuuliza babaako kama hiyo bastola ya mfukoni anawindia panya. Wamecheka weye, mpaka kahawa imemwagika."

"Nani aliyesema?"

"Alosema Mahrous. Lakini mwanangu, watu wa huku wakimtania mtu ndo washamkubali."

Basi wakubaliane wenyewe kwa wenyewe. Baba hajui kuwa ni utani. Yeye kasikia kicheko tu, na kicheko hakihitaji mkalimani. Namchukia Mahrous. Nimeandika, na sifuti.

Jumatano, 14 Desemba

Bomba letu la kisimani liliharibika juzi. Leo nimerudi shule nimekuta limetengenezwa. Baba anasema Mahrous alikuja mwenyewe na spana, akalala chini kwenye matope na kanzu yake nyeupe, akatengeneza, akaenda zake hata kahawa hakunywa.

Hainibadilishi kitu.

Alhamisi, 22 Desemba

Baba amepanga risasi juu ya mkeka, nami nikamshikia taa karibu. Anakwenda wadini karibu kila alasiri, anakaa kwenye mwamba, anarudi magharibi. Mpaka sasa hajamwona, au huyo mnyama ndiye anayemwona yeye. Nimemwomba achukue bunduki ya mtu. Anasema bunduki ndefu inataka jicho la mbali na yeye hana. Bastola ni ya karibu. Atamngoja mpaka afike karibu.

"Za mwanzo tatu, kijivu," akasema. "Hizo za mnyama. Za nyuma tatu, shaba."

"Za nani?"

"Za watu. Umesahau? Mwindaji akipata dhara porini anapiga moja, anatulia, anapiga moja, anatulia, anapiga moja. Anayesikia popote alipo anajua huyo anaomba msaada. Hizo lazima zilie. Kwa hiyo ndizo nilizoziwekea za jeshi."

"Na kwa mnyama umeweka zile ambazo huenda zisilie."

"Mnyama anastahili risasi nzuri, Hamda."

Nimemtazama nikaona ni mzee. Si kwa sababu ya macho wala goti. Kwa sababu anachagua risasi kwa heshima ya mtu aliyekuwa zamani, na huyo mtu hayupo tena kuzipiga. Niliona uchungu nikashindwa kumwambia. Nilijaza mwenyewe gurudumu, kama alivyotaka, tatu na tatu, na kuanzia leo najua nimekubali.

Jumapili, 1 Januari 1984

Kaka yangu Thabit alikuwa aje kutoka Maskati. Amepiga simu shuleni kusema gari limemharibikia njiani, Bidbid. Kila likizo gari lake huharibikia Bidbid.

Alhamisi, 5 Januari

Ammi Mahrous amekuja kualika harusi ya Khalaf wiki ijayo. Alikuja kwa miguu, kwa joho lake zuri, akaketi mbele ya Baba na kumwambia kwa taratibu, akichagua Kiarabu chepesi: "Sleyum, wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Nataka ukae kuliani kwangu."

Baba alielewa, niliona. Lakini akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, "Mwambie sikai kulia kwa mtu anayenicheka."

Mahrous alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasema, "Baba anashukuru. Anasema kifua kinambana na baridi, asipojaaliwa kuja mumwie radhi."

Mahrous akainuka. "Nitampelekea chakula," akasema. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni alisita, kama mtu mwenye neno jingine. Sikumsaidia kulitoa.

Jumanne, 10 Januari

Mawingu upande wa milimani. Kila mtu anazungumza mvua na harusi.

Alhamisi, 12 Januari

Nimerudi harusini sasa hivi, miguu inaniuma na koo limekauka kwa vigelegele, na naandika haraka huku napasha wali. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivi! Nilikwenda nimekunja uso, kwa ajili ya Baba, nikakaa pembeni na Bimdogo kama watu wa msibani. Halafu wanawake wakanivuta, wakanifunga leso kiunoni, na mmoja akasema kwa Kiarabu, "Huyu binti yetu anajua kucheza, alificha." Binti yetu! Nimeachwa, nina miaka thelathini na nane, na nimechekelea kama msichana.

Alasiri wanaume walipokuwa wakicheza na panga zao uwanjani, ukaja mlio kutoka upande wa wadini. Mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja. Nikainua kichwa, lakini Bimdogo akasema, "Wageni wa Sinaw hao wanafika, sikiliza wanavobisha hodi." Mahrous akapanda juu ya paa na bunduki yake, akawajibu, na kila mwanamume mwenye bunduki akajibu, mpaka njiwa wote wa kijiji wakaruka. Tukapiga vigelegele. Mahrous alikuwa anacheka kule juu, si puani, kwa kinywa wazi, nikaona alivyokuwa kijana.

Nimeletewa sinia la Baba, wali na nyama ya mwana wa ngamia. Hayupo ndani, atakuwa msikitini. Mvua inaanza kudondoka. Nitamwambia kwamba alikosa harusi nzuri, na atanuna, na atakula.

Jumamosi, 14 Januari. Hospitali, Ibra

Naandika kwa kuwa nikikaa bila kufanya kitu nitapiga kelele.

Usiku ule wa harusi watu walitoka msikitini, Baba hakutoka. Niliingia chumbani kwake, nikakuta kile kitambaa cha bastola juu ya mto, kitupu, kimekunjwa vizuri. Ndipo niliposikia. Si kwa masikio. Ule mlio wa alasiri ulinirudia wenyewe, mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja, na mapumziko yake katikati yaliyopimwa. Mimi niliyefundishwa mlio huo kabla ya kufundishwa kusoma! Nilikuwa nimeusikia na nikapiga kigelegele.

Nilikimbia na ile leso ya harusi kiunoni, nikapita upande wa wanaume bila salamu. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Nikamwambia Mahrous kwa Kiarabu kilichonivunjikia mdomoni, kwamba zile risasi tatu hazikuwa za wageni, ni Baba, kwetu ndiyo namna ya kuomba msaada.

"Zile?" akasema.

Nikasema ndiyo.

Hajaniuliza kitu kingine mpaka leo. Alivua joho la harusi ya mwanawe akalitupa chini kwenye matope, akaita magari. Lakini mvua ilikuwa imeshafunguka, na tulipofika ukingoni wadi ilikuwa inateremka, maji mekundu yanaburura miti mizima. Walisimama na taa zao, wanaita jina lake, na maji yanameza kila kitu. Mahrous aliingia mara mbili na kamba, na mara mbili wakamvuta. Nilimwona bwana harusi, Khalaf, na kanzu yake mpya imelowa tope mpaka kifuani, ameshika ile kamba analia. Sitasema tena neno baya juu ya watu hawa.

Maji yalipungua kulipopambazuka. Mahrous alivuka wa kwanza, maji ya kifuani, na ndiye aliyemkuta. Baba alikuwa amekaa. Hilo ndilo linaloniua. Nyonga imevunjika, na alikuwa amekaa wima, mgongo kwenye mwamba, koti la Tabora limelowa chapa, bastola mapajani, uso ameuelekeza kijijini. Mahrous alimbeba mgongoni akavuka naye, hakukubali mtu ampokee.

Akanipa bastola. Niliifungua. Maganda matatu matupu, ya shaba, yote yalilia. Na za kijivu zote tatu nzima. Moja ina kovu kitakoni, kwenye fataki yake, mahali ilipopigwa.

Jana jioni Baba alipata nguvu ya kunihadithia. Alingoja siku ya harusi kwa makusudi, kijiji kizima kiko ngomani, wadini hakuna mchungaji wala mbwa. Na kweli mnyama alikuja, mpaka karibu, mpaka akamsikia anavyohema. Baba akavuta. Tak. Akarudi nyuma ili avute tena, jiwe likamteleza chini ya mguu, akaanguka.

"Alinitazama, halafu akaondoka. Hata hakukimbia, Hamda. Alitembea."

Nikamwambia asiseme, apumzike. Akaendelea, sauti imetulia kabisa, hana hata lawama: "Nikalizungusha gurudumu kwa kidole mpaka kwenye za shaba, nikapiga zangu tatu. Mkanijibu, tena kwa nguvu, sijapata kujibiwa namna ile hata Ugalla. Nikamshukuru Mungu. Nikakaa, kwani si ndiyo sheria? Ukishajibiwa huhami, huongezi risasi. Unakaa hapo hapo, wenzio wakukute."

Nilitoka nje, nikashika ukuta.

Chini ya mwamba ule inapita njia ya magari ya Sinaw. Wageni wa harusi waliipita mpaka magharibi, taa zao alikuwa anaziona, amesema mwenyewe. Ni mwendo wa kutambaa, hata kwa mtu mwenye nyonga iliyovunjika. Angetambaa wangemwona, mvua haijaanza. Hakutambaa kwa sababu alikuwa ameshajibiwa.

Jumatatu, 16 Januari

Mapafu yamejaa maji. Daktari Mhindi hanitazami usoni. Thabit amefika, anazunguka ukumbini na suruali yake iliyopigwa pasi, anataka Baba ahamishiwe Maskati. Daktari anasema hatafika.

Mahrous yuko nje, chini kwenye sakafu ya veranda. Haingii ndani. Nimempelekea chai na imepoa hapo pembeni yake.

Alhamisi, 19 Januari

Baba tumemzika jana baada ya adhuhuri. Nyumba imejaa watu, wanawake wa kijiji wamepika, sikuachiwa hata kuosha kikombe. Nimejifungia chumbani kwake dakika chache, niandike la juzi Jumanne, kwa sababu sitaki kuja kulikumbuka vibaya.

Alasiri aliamka, akili yake timamu. Akaniuliza, "Nani alinijibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Ningeweza kumwambia yote. Nikasema, "Ammi Mahrous. Yeye ndiye wa kwanza." Na ndivyo ilivyokuwa.

"Mwite."

Mahrous akaingia, miguu mitupu. Alisimama mbali na kitanda kama mtu aliyeletwa mbele ya kadhi. Baba akanyoosha mkono hewani, kwa kuwa alikuwa hamwoni, ukabaki hapo unatafuta, mpaka Mahrous akasogea akaushika.

Baba akasema kwa Kiswahili, polepole, pumzi inakatika: "Ndugu yangu. Miaka yote hii nilidhani huku hakuna anayenisikia. Nimepiga, umejibu. Basi usiku ule sikuogopa. Nililoa, niliumwa, lakini sikuogopa hata kidogo, kwa kuwa nilijua unakuja."

"Anasema nini?" akauliza Mahrous.

Nilimtazama yule mzee wa ndevu nyeupe. Siku ile hata ubani hakuwa nao, alinuka tope na jasho. Nilikuwa na maneno mengine tayari, mepesi, ya shukrani tu, yangeweza kumpita bila kumgusa. Sikuweza. Nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho.

Mahrous hakuuachia mkono. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa vidole vya Baba, mabega yanatikisika. Thabit mlangoni alitaka kuingia, nikamwashiria asiingie.

Mwishowe Mahrous akainua uso. "Mwambie," akasema, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Mwambie mvua ndiyo iliyonichelewesha."

Nikamfasiria Baba.

Baba akatikisa kichwa kidogo juu ya mto, akatabasamu, akamminya vidole. "Mwambie hakuchelewa," akasema.

Nikamwambia.